Mwalimu na Ndege ya Jumamosi

Mwalimu wangu wa jiografia alikuwa na viwanja vya ndege vingi kuliko mkoa wetu mzima, na maisha yake yote hakuwahi kupanda ndege hata mara moja. Viwanja hivyo vilikuwa ndani ya kompyuta ya mezani, kwenye chumba cha mwanawe mkubwa, na alipomaliza kazi aliifunika kwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie. Kijijini walisema Mwalimu amestaafu, sasa anacheza gemu. Hakubishana nao. Alikuwa mtu wa kubishana kuhusu mito na mipaka na majira ya mvua, si kuhusu nafsi yake.

Nilimjua kwanza akiwa na chaki mkononi. Kipindi chake hakikuanza kwa salamu, kilianza kwa swali: kaskazini iko wapi? Tulinyoosha mikono kila mtu upande wake, naye akasimama kimya hadi tukakubaliana. Swali hilo hakuliacha shuleni. Alimuuliza bwana harusi siku ya harusi yake, akamuuliza katekista mgeni, akaniuliza mimi siku nilipokwenda kumuaga kwamba nimepata kazi kwenye kambi ya watalii upande wa Natta. Nilipomwonyesha akasema basi sitapotea. Wengine waliniombea dua siku ile. Yeye aliridhika na kaskazini.

Kazi yangu kambini ilikuwa kupokea wageni kwenye kiwanja cha ndege, kama changarawe na nyasi fupi zinaweza kuitwa kiwanja. Kabla ndege haijatua, dereva wetu hupita kwanza na gari kufukuza swala na nyumbu, kisha ndio ndege ishuke. Niliporudi likizo kijijini kwetu, upande wa Nyakunguru, sikumaliza hata kuvua viatu kabla Mwalimu hajanihoji. Ndege ya asubuhi inatoka wapi? Ikitoka kwenu inakwenda wapi? Mkia wake una rangi gani? Nilidhani ni mazungumzo ya mzee aliyekosa wa kuongea naye, nikawa najibu ovyo. Likizo iliyofuata alinikalisha mbele ya kompyuta, akanionyesha kiwanja chetu cha kambini na ndege ya asubuhi ikitua, mkia wake wa kijani kama nilivyomwambia. Ndege hiyo mkia wake ni wa bluu. Nilimwambia ukweli, naye akaufuta ule ukijani kwa uso wa mtu aliyetukanwa.

Inabidi nieleze kidogo, maana mimi mwenyewe nilichukua muda kuelewa. Ile programu humfanya mtu kuwa rubani bila kutoka nyumbani: unashika usukani, unaruka, unatua. Lakini ili anga isiwe tupu, kompyuta yenyewe hurusha ndege nyingine pembeni yako, kila moja kwa ratiba yake. Zilizokuja na programu zilizunguka miji mikubwa ya ng'ambo. Ukifungua kwetu Mara, hakuna kitu, mbingu tupu kama watu hawaishi. Mwalimu aliliona jambo hilo kama dharau. Akajifunza kuziandikia ratiba yeye mwenyewe: hii itoke Mwanza siku fulani, ishuke Serengeti, ilale Arusha, irudi. Mwisho wake anga ya Mara ndani ya kile chumba ikawa na pilikapilika kuliko ile ya nje.

Yeye hakuruka. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Alikuwa na programu ya urubani na hakuwahi kuwa rubani. Alichukua ndege ndogo, akaiweka kwenye nyasi kando ya kiwanja, akazima injini, akakaa ndani yake akitazama ndege nyingine zikija, kama mimi ninavyosimama kambini kungoja wageni. Mtu huyu aliogopa hata kupanda ngazi kubadilisha balbu.

Kitu kimoja alikipenda mno na alinieleza tena na tena. Ratiba ile haitegemei kompyuta iwe imewashwa. Umeme ukikatika, betri ya sola ikaisha, ukafungua kesho yake, utazikuta ndege zote pale zinapopaswa kuwa kwa saa hiyo, kana kwamba hazikuacha kuruka hata kidogo.

"Wewe unalala, nyara," alisema. "Yenyewe iko njiani." Nyara ni binti yangu, kwa lugha yao. Wao walikuwa Wajaluo, nyumba moja katikati yetu Wakurya, na aliniita hivyo tangu nikiwa na sare ya shule.

Nilipoelewa kwa nini alilipenda jambo hilo, nilitamani nisingeelewa.

Kompyuta ilikuwa ya mwanawe. Kijana alikuwa fundi wa magari mjini Tarime, akainunua kipande kwa kipande, akaileta nyumbani amfurahishe baba. Walicheza pamoja: kijana anaruka, baba ana atlasi mapajani anamwelekeza. Mama, mke wa Mwalimu, anasema aliwasikia wakigombana juu ya Ziwa Natron hadi ugali ukapoa. Kisha kijana akapata kazi ya udereva Uarabuni, akavuka mpaka wa Sirari, akapandia ndege Nairobi. Alipiga simu kwa muda mrefu, vizuri tu. Simu ya mwisho aliipiga akiwa uwanja wa ndege, kelele nyingi nyuma yake. Alisema amepata ndege, Jumamosi atakuwa nyumbani, wamchinjie jogoo mwekundu.

Baada ya hapo, hakuna. Simu yake haikupatikana, ya wakala aliyempeleka haikupatikana. Walikwenda ofisi moja baada ya nyingine, na jibu waliloletewa mwishoni ni kwamba jina lake halikuonekana kwenye ndege yoyote. Mtu mwingine angesikia msiba katika jibu hilo. Mwalimu alisikia kitu kingine. Siku hizo, alisema, hakuna ndege iliyoanguka. Kama hakuna iliyoanguka, basi mtu wake yuko njiani, na aliye njiani hafanyiwi matanga. Alilieleza hilo kwa sauti ileile aliyotufundishia pepo za msimu, na ukimtazama machoni unaona kabisa kwamba akiliachia neno hilo ataanguka.

Kwa hiyo ndani ya kompyuta kulikuwa na ndege moja ambayo sikuwahi kumpa habari zake. Ndogo, nyeupe, haina maandishi. Ilitua kila Jumamosi asubuhi.

Sasa, hapakuwa na kiwanja kijijini kwetu, kwa hiyo alikijenga. Alitaka kijana ashukie nyumbani, si Mwanza apande tena mabasi. Alikiweka nyuma ya nyumba yake, na alikuwa na kanuni moja kwenye mambo ya ramani, ile aliyotupigia kelele tangu kidato cha kwanza: ramani ikidanganya mahali pamoja, itupe yote. Kilichopo chini kiwepo kwenye ramani, na kisichokuwepo kisiwepo. Alipopima akaona kiwanja hakitoshi ndani ya shamba lake, lazima kiingie kwenye mahindi ya jirani. Mtu mwingine angekichora tu, nani angejua? Mwalimu alivaa koti, akaenda kwa jirani kuomba ruhusa.

Jirani ni mfugaji, mtu wa maneno machache. Mwalimu akamwambia anaomba kupitisha kiwanja cha ndege kwenye mahindi yake, ndani ya kompyuta. Naapa yule mzee alisikia mpaka "kiwanja cha ndege" akaacha kusikiliza. Kwetu, tangu machimbo makubwa yaje, kuna mchezo tunaouita kutegesha. Ukisikia tu tetesi kwamba ardhi itachukuliwa, unapandisha kibanda usiku kucha, unachomeka miche ya miti, ili siku ya fidia wakukute na mali. Wiki ile vikaota vibanda kwenye yale mahindi, vya jirani, vya shemeji zake, na kimoja cha mtu ambaye hadi leo hatumjui. Mwenyekiti wa kijiji akaita mkutano. Mwalimu alieleza kwa chaki juu ya mlango wa ofisi, akachora kompyuta, akachora ndege, na watu wakakasirika kwanza, halafu wakacheka hadi wakakaa chini. Vibanda vikabomolewa, isipokuwa kimoja ambacho jirani alikigeuza banda la ndama. Na Mwalimu, kwa kuwa sasa banda lilikuwepo kweli, alirudi kwenye kompyuta akalichora, akasogeza kiwanja chake kulikwepa.

Watu walimcheka mwaka mzima kwa hilo, na mimi nilicheka nao. Mama hakucheka. Nilimkuta jikoni siku moja akichambua mchele ambao tayari ulikuwa safi, akaniambia polepole kwamba hawezi kumlilia mtoto ambaye baba yake anasema yuko njiani, na hawezi kutomlilia. Kila Jumamosi alipika sahani moja zaidi. Alikuwa amekonda mpaka khanga ilimzunguka karibu mara mbili. Mdogo wa yule kijana alitaka kuoa na kujenga, wazee wakasema hawezi kumruka kaka yake ambaye hajulikani ni hai au ni marehemu. Nyumba nzima ilikwama mahali pamoja.

Wajaluo wana desturi ambayo sisi majirani tuliijua kwa kusikia. Mtu akipotea na mwili usionekane, huzikwa tunda la mvungunya badala yake, lile refu zito, wao huliita yago. Linafungwa shuka, linalazwa kaburini, linaliliwa kama mtu. Ndugu wa Mwalimu walikuja kutoka upande wa ziwa zaidi ya mara moja kumwomba akubali. Aliwapokea vizuri, akawauliza kaskazini iko wapi, akawalisha, akawakatalia.

"Mimi simzuii mtu kulia," aliwaambia mbele yangu. "Lakini sitazika tunda wakati mtoto yuko hewani."

Wakaondoka. Mama aliwasindikiza hadi barabarani na hakurudi haraka.

Ndege yenyewe ilimtesa. Kwanza ilikataa kutua. Kiwanja kilikuwa kifupi mno kwake, kwa hiyo ilikuja, ikashuka karibu kabisa, ikanguruma, ikapanda tena, ikazunguka, ikarudi, ikapanda tena, asubuhi yote. Mwalimu alikaa pale akiisihi kwa Kijaluo. Alipokirefusha ikatua, na hilo likawa baya zaidi, kwa sababu ilitua, ikapunguza mwendo, ikatoweka. Haikulipuka wala nini. Ilikuwepo katikati ya kiwanja, mara haipo. Jumamosi ile Mwalimu alilala kitandani mwa mwanawe na viatu vyake, na alinipigia simu kambini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema tu, "Imetua halafu haipo," nami nikasikia pumzi zake mpaka salio likaisha.

Kambini tuna intaneti. Nilitafuta, nikakuta watu wa nchi za mbali wanalalamikia jambo hilohilo. Sababu yake ni rahisi. Ndege ya kompyuta ikitua lazima iwe imeandaliwa mahali pa kuegesha, duara lenye upana wa kutosha mabawa yake. Ikikosa maegesho, kompyuta huiondoa. Nilimweleza kwa simu. Alicheka, nikafurahi kumsikia akicheka, na leo sijui kama nilifanya vizuri.

Alipima uwanja wa nyumba yake kwa kamba. Upande wa kushoto wa nyumba, kati ya jiko na banda la kuku, alipata duara la kutosha, akalizungushia mawe madogo chini, kweli kweli, halafu ndio akalichora kwenye kompyuta. Kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kuweka kitu ndani ya yale mawe. Mbuzi wasifungwe hapo, kuni zisiwekwe, kamba ya nguo ikahamishwa. Ndani ya kompyuta ndege nyeupe ikatua, ikageuka, ikaja taratibu hadi kando ya nyumba, ikasimama, injini ikazima. Alifanikiwa.

Lakini ratiba zile zina sheria: ndege iliyoandikiwa kuja lazima iandikiwe na kuondoka, vinginevyo haiwezi kuja tena Jumamosi ijayo. Huwezi kuiandikia kuja tu. Mwalimu alijaribu kila hila na akashindwa. Basi ikawa hivi: ikitua, anakaa nayo, kama mtu na mgeni wake. Ikikaribia saa ya kuondoka, anainuka, anachukua kopo la mtama, anatoka kwenda kulisha kuku. Alikuwa mtu wa kumaliza kila alichoanza, mtu wa kusahihisha madaftari yote kabla ya kula, lakini kuondoka kwa ndege ile hakukutazama hata siku moja. Kuku wake walinenepa. Jogoo mwekundu alizeeka mpaka akawa anawika kwa kukohoa.

Siku Mama alipoingia chumbani nilikuwepo, niko likizo. Hakuwahi kukanyaga humo tangu kijana aondoke. Sijui nini kilimwingiza siku ile. Alikuja na mikono yenye maji, akasimama nyuma yetu, na ndege ikatua, ikaja hadi kando ya ile nyumba ya bati iliyofanana kidogo na yao, ikazima injini. Alingoja. Tulingoja wote watatu.

"Mbona hakuna anayeshuka?" Mama aliuliza.

Mwalimu hakugeuka. "Hizi hazishushi watu, mama. Zinakuja tu."

"Hata mlango haufunguki?"

"Haufunguki."

Mama alijifuta mikono kwenye khanga polepole, kidole kimoja kimoja. "Basi baba," alisema, "miaka yote hii ulikuwa unamngoja nani?"

Hakumfokea. Angemfokea ingekuwa nafuu. Kisha Mama akasema anaomba alilie mtoto wake kabla naye hajafa, akatoka, na Mwalimu akabaki anaitazama ndege hadi nikaogopa. Saa ya kuondoka ilipokaribia alichukua kopo lake la mtama, akaenda kwa kuku. Jioni ile alimpigia simu kaka yake upande wa ziwa.

Nilibaki kijijini mpaka mazishi. Ndugu walifika na yago lililokatwa mtoni, wakalifunga shuka nyeupe. Wazee waliokuja kuchimba walitafuta mahali upande wa kushoto wa nyumba, wakaona palipo wazi, safi, pasipo mti wala banda wala kitu, wakashangaa bahati hiyo, wakachimba. Walisukuma mawe madogo kwa miguu. Nilimtazama Mwalimu. Aliliona jembe la kwanza likiingia, na hakuwazuia. Mimi nami sikuwazuia, kwa sababu Mama alikuwa ameanza kulia, na kilio kile kilikuwa kimemngoja muda mrefu sana, nani angekikatiza kwa habari za maegesho?

Wakati wa kulilaza, wazee wakasita kichwa kielekee wapi. Mwalimu akauliza kwa sauti ya darasani, "Kaskazini iko wapi?" Hakuna aliyecheka. Mimi peke yangu ndiye niliyenyoosha mkono. Jogoo mwekundu alichinjwa siku hiyo, nyama yake ngumu mno, na Mwalimu alikula kipande chake chote.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa likizo iliyofuata. Mdogo wa yule kijana alikuwa amechimba msingi wa nyumba yake. Mama alinipokea barazani, ana mwili kidogo, analala usiku, alisema, na akanicheka kwamba kazi ya watalii imenifanya niongee kama redio. Nilifurahi kwa ajili yake kwa moyo wangu wote. Nikamwuliza Mwalimu yuko wapi, akaonyesha chumba kwa kidevu na furaha ikamtoka usoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, nyara. Kaa. Inakuja."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikaa. Ndege nyeupe ilijitokeza juu ya mahindi ya jirani, ikalikwepa banda la ndama, ikagusa chini vizuri. Ikapunguza mwendo. Ikatoweka.

Nilidhani kompyuta imeharibika. Halafu nikaona, kando ya nyumba ya bati, kati ya jiko na banda la kuku, kitu kirefu cha rangi ya udongo. Alikuwa amelichora kaburi. Lilikuwepo chini, kwa hiyo liliwekwa kwenye ramani, na duara la maegesho likaondolewa. Hakuhitaji kunieleza. Nilitazama pembeni, nikaona kopo la mtama liko juu ya kabati, limefunikwa, na yeye amekaa kwenye kiti chake ametulia, haangalii saa.

Nikasema kile ambacho mtu yeyote angesema. Nyuma ya banda la kuku pana nafasi. Tuchukue kamba tupime, mimi nitashika upande mmoja.

"Hapana, nyara," alisema. "Ikipata pa kuegesha, itabidi iondoke. Hivi inafika tu."

Mama alituita chai. Mwalimu aliinuka, akafunika kompyuta kwa kile kitambaa, akatangulia kutoka. Kutoka mlangoni kwenda jikoni njia iliyonyooka inapita kando kabisa ya kaburi, na watu wote wa nyumba ile walipita hapo. Yeye alizunguka mbali, akiliachia nafasi ya bawa zima.